Uono au nguru? Ulinganisho wa samaki wa Tanga kwa mionzi ya asili iliyomo mwilini mwao

Soko la samaki la Deep Sea, hapa Tanga, linaweza kukupa kwa asubuhi moja uono kwa sado, vibua, kipande cha nguru, changu wawili na pweza wa kuchemsha. Wote wametoka bahari moja. Ukija kwenye mionzi ya asili, hata hivyo, hawalingani: mmoja anaweza kumzidi mwenzake mara kumi na zaidi. Na anayeongoza siye yule mkubwa mwenye meno. Anayeongoza ni uono.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu anayenunua samaki wa kula nyumbani, hasa mwenye mtoto mdogo au mjamzito ndani ya nyumba, ambaye amesikia maneno kwamba samaki wana mionzi akabaki na wasiwasi. Ni kweli wanayo. Wote wanayo, na walikuwa nayo kabla binadamu hajajua kuchonga ngalawa. Cha kujua ni nani anayo zaidi, imekaa sehemu gani ya mwili, na jikoni ufanye nini.

Mionzi ipi ya kuangalia

Kitu chenye mionzi kilicho kingi zaidi katika maji ya bahari ni potasiamu-40. Lita moja ya maji ya chumvi ina takriban bekereli 12, maana yake kila sekunde atomu 12 hivi zinapasuka na kutoa mionzi. Kilo moja ya nyama ya samaki inayo kama bekereli 100. Tarakimu hiyo inatisha kuisikia, lakini mwili wa mtu mzima wenyewe una bekereli 4,000 hivi za potasiamu hiyo hiyo, iliyotoka kwenye ndizi, maharage, mihogo na maziwa. Mwili hujipimia potasiamu unayoihitaji, ya ziada ikatoka na mkojo. Ule samaki mara moja kwa mwezi au kila siku, kiwango kinabaki pale pale. Kwa hiyo potasiamu haikusaidii kuchagua samaki.

Urani nayo imo baharini, mikrogramu 3 na kidogo kwa lita. Kuna watu wanaoihusisha na mradi wa urani wa Mto Mkuju kule Namtumbo, lakini hii ya baharini imetokana na miamba kumomonyoka na mito kuisomba kwa mamilioni ya miaka, na imeenea bahari zote za dunia. Kwa samaki haina uzito mkubwa, kwa kuwa hubaki imeyeyuka majini na mwili wa samaki hauishiki vizuri. Rediamu, metali nyingine ya asili yenye mionzi, tabia yake inakaribiana na ya kalisi, hivyo hukimbilia kwenye mifupa na magamba ya konokono. Risasi-210, aina ya metali ya risasi yenye mionzi, nayo hupenda mfupa, na kiasi chake hukutwa kwenye figo na ini.

Inayobaki ni poloniamu-210, na ndiyo itakayotupa tofauti ya uono na nguru. Safari yake inaanzia nchi kavu. Ardhini mna gesi ya radoni inayovuja kila siku na kupanda hewani. Gesi hiyo ikioza, yaani atomu zake zikipasuka, huzaa risasi-210, ambayo hushuka baharini na mvua na vumbi, na ndani ya miaka risasi hiyo hugeuka poloniamu. Ikishafika majini haikai ikielea peke yake. Hujishikiza kwenye vijimea na vijidudu vidogo mno vya planktoni, kiasi kwamba ndani ya planktoni hujikusanya maelfu ya mara kuliko kwenye maji yanayowazunguka. Anayekula planktoni anaila na poloniamu.

Kikemia poloniamu hufuata nyayo za salfa, ndiyo maana hupenda protini. Ndani ya samaki huijaza ini, figo, utumbo na mayai kwanza, halafu nyama, na ndani ya nyama hupendelea ile nyeusi kuliko nyeupe. Mionzi yake ni ya alfa. Karatasi tu inaizuia, hivyo kumshika samaki hakuna neno kabisa. Neno linakuja ikiwa ndani ya mwili, maana kwa bekereli moja hudhuru karibu mara 200 kuliko potasiamu-40. Zile bekereli 100 za potasiamu kwenye kilo ya samaki hazifikii uzito wa bekereli moja ya poloniamu.

Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia mionzi ya atomiki, katika ripoti yake ya mwaka 2000, iliweka kiwango cha kawaida cha kurejelea kwa samaki kuwa bekereli 2 za poloniamu-210 kwa kilo, 0.2 za risasi-210 na 0.1 za rediamu-226. Ndiyo sababu kuanzia hapa nitazungumza poloniamu karibu peke yake.

Uono na dagaa upande mmoja, nguru na jodari upande wa pili

Uono na dagaa wa baharini wanaovuliwa usiku wa giza kwa taa huishi kwa planktoni. Kila wanachomeza kimekwishakusanya poloniamu. Nguru yeye anakula hao hao uono na vibua, na mtu angetegemea mzigo uzidi kukua kila mkubwa anapomla mdogo. Kwa poloniamu haiendi hivyo. Sehemu kubwa ya anayoimeza nguru hupita tumboni ikatoka, inayobaki huishia kwenye ini na utumbo, na hiyo nayo hupungua nusu kila baada ya siku 138. Mnofu wake mweupe hupata kidogo. Kwa hiyo ukipima nyama kwa nyama, uono anamzidi nguru.

Ureno, ambako watu wanapenda sana sadini, vipimo vya nyama ya sadini vimekuta makumi ya bekereli za poloniamu kwa kilo. Samaki weupe wa chini huko huko hawafikii hapo hata kwa mbali. Na hiyo ni nyama peke yake. Kwenye ini na utumbo wa samaki wadogo wala planktoni kiwango hupanda mara kumi, na baadhi ya sehemu mara mia.

Sasa angalia tunavyowala. Nguru anafika nyumbani amekatwa vipande, matumbo yamebaki sokoni. Uono tunamtia kwenye mafuta mzima, na kichwa chake, na utumbo wake, na kila alichokuwa hajamaliza kumeng'enya. Ni sawa na kumpika kuku bila kumtoa utumbo. Tofauti kubwa zaidi kati ya uono na nguru iko kwenye sahani kuliko iko baharini.

Na hiyo ni habari njema, kwa sababu sahani iko mikononi mwetu. Bibi zetu wanaochambua dagaa kabla ya kuwapika wanaondoa sehemu kubwa ya poloniamu hata kama wao wanakimbia uchungu tu. Chukua uono mkavu, bana kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, kisha kivute kwa kukishusha upande wa tumbo. Kikitoka vizuri huja na uzi mweusi na kidonge cheusi kidogo kilichokauka ubavuni. Kidonge hicho ni utumbo na ini. Kikikatika na kubaki ndani, mpasue tumboni kwa ukucha, kitadondoka chenyewe. Mfupa wa katikati unabaki, na huo ndio unaotoa kalisi ambayo watu wanamfuatia dagaa. Wakiwa wabichi kazi ni rahisi zaidi: ukucha chini ya koo, shuka hadi mkiani, suuza.

Najua kuchambua sado nzima ni kazi ya kuumiza mgongo, na sitamwambia mtu mwenye wageni kumi aifanye. Lakini pana mahali nisingeruka hata siku moja: unga wa dagaa wa kutia kwenye uji wa mtoto. Mtoto wa mwaka mmoja, kwa bekereli ile ile ya poloniamu, hupata dozi kama mara saba ya mtu mzima. Unga huo ni chakula kizuri mno kwa mtoto, tena nafuu, nami naomba usiachwe. Wachambue kwanza, ndipo usage.

Zebaki inageuza meza

Ukiishia kwenye poloniamu utaondoka na jibu rahisi: acha uono, kula nguru. Nalikataa jibu hilo, kwa sababu ya zebaki.

Zebaki haina mionzi, lakini mnunuzi ni yule yule na sahani ni ile ile, hivyo siwezi kulinganisha samaki nikaiacha nje. Yenyewe ndiyo inayopanda ngazi: kutoka kwa planktoni kwenda kwa uono, kwa kibua, kwa nguru, kwa papa, kila ngazi ikiongezeka, na samaki akizeeka nayo inazidi. Tena hukaa kwenye mnofu wenyewe. Umtoe papa matumbo, umkate, umuoshe kwa ndimu, zebaki iko pale pale. Viwango vya mwaka 2018 vya Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, vinaruhusu hadi miligramu 1.6 za zebaki ya kikaboni kwa kilo ya papa na 1.2 kwa kilo ya jodari; kuwekewa kiwango chao peke yao kunaonyesha namna samaki hao walivyo na kawaida ya kuwa nayo. Mimba changa ndiyo inayoumizwa zaidi, kwani zebaki hiyo hugusa ubongo wa mtoto unaojengeka.

Basi hivi vitu viwili vinavuta pande tofauti. Uono ana poloniamu nyingi na zebaki kidogo. Papa, jodari mkubwa na nguru mkubwa wana zebaki zaidi na poloniamu kidogo kwenye mnofu. La maana kwangu ni hili: poloniamu ya uono unaweza kuipunguza kwa kidole gumba, zebaki ya papa huwezi kuipunguza kwa lolote. Mjamzito akiniuliza kati ya uono aliyechambuliwa na papa, jibu langu ni uono, bila kusita.

Jodari anahitaji neno moja zaidi. Ukipata kipande chake utaona ubavuni, karibu na mfupa, mkanda wa nyama nyeusi yenye damu nyingi. Hapo poloniamu ni zaidi kuliko kwenye mnofu mwekundu wa kawaida. Kuuondoa si lazima, ila anayetaka kumpunguzia mtoto aanzie hapo. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, dunia iliogopa jodari wa Pasifiki waliofika California wakiwa na chembe za sizi-137, kitu chenye mionzi kinachotoka kwenye vinu vya nyuklia. Wanasayansi walipopiga hesabu mwaka 2013 walikuta kwamba dozi ambayo mlaji angepata kutokana na poloniamu ya asili ya jodari hao ni kama mara 600 ya ile ya sizi kutoka Fukushima. Kilichowashtua watu kilikuwa kidogo. Kile walichokuwa wakila miaka yote bila kukijua ndicho kilichokuwa kikubwa, nacho hakikuwa kimemwangusha mtu.

Waliobaki sokoni

Kibua ni mla planktoni kama uono. Mpasue akiwa mbichi utakuta tumbo limejaa rojo la kijani iliyochanganyika na kahawia, na nyama yake ni nyeusi kiasi. Kwa poloniamu yuko karibu na uono kuliko alivyo karibu na changu. Bahati ni kwamba hakuna anayemla kibua na matumbo yake. Kwenye meza za waparaji kijana akikuuliza, "Mama, nikuparie nikutolee na matumbo?" mwambie, "Toa yote, mwanangu, na ini usiniachie." Ukishamsafisha hivyo, kibua ni samaki wa kuliwa mara kwa mara: bei yake inashikika, mafuta yake ni mazuri, na hajaishi miaka ya kukusanya zebaki.

Changu, tasi na pono sina mengi ya kusema juu yao, na hiyo ni sifa. Changu anaokota kaa na konokono chini, tasi anakula mwani na majani ya bahari, pono anakwangua miamba ya matumbawe. Mnofu wao mweupe hubeba poloniamu kidogo, zebaki nayo si ya kutisha. Anayetaka samaki asiyemfikirisha anunue hao, na bei yao itamwambia kwamba wengine nao wamefikiria hivyo.

Pweza na ngisi wanafuata kanuni ile ile kwa ukali zaidi. Karibu poloniamu yao yote imo kwenye tezi kubwa ya kumeng'enyea chakula iliyo ndani ya kile tunachokiita kichwa. Wavuvi wetu humgeuza pweza kichwa na kumtoa matumbo pale pale ufukweni, na mikono inayobaki ni safi. Ngisi wadogo ndio wa kuangalia, maana wengine hupikwa wazima. Kamba tezi yake iko kichwani, ile rojo ya rangi ya machungwa wanayoipenda watu kwenye mchuzi. Mkia ni mwepesi, kichwa ni kizito. Chaza wanaovunwa kwenye mizizi ya mikoko huchuja maji mchana na usiku na huliwa wazima na matumbo yao, kwa hiyo waweke kundi moja na uono asiyechambuliwa.

Mbichi, mkavu, wa kopo

Moto hauui mionzi. Kukaanga, kupaka nazi, kuchoma, vyote havibadilishi atomu. Kuchemsha kunahamisha kiasi kidogo kwenda kwenye maji. Ukiyamwaga kimeondoka, ukinywa supu umekirudisha. Dagaa wanaochemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa kwenye chanja hupoteza kidogo kwa njia hiyo.

Ukavu ndio unaowachanganya watu. Maabara ikikwambia kilo ya dagaa wakavu ina bekereli nyingi kuliko kilo ya wabichi, imesema kweli, kwa sababu maji yametoka na kilo hiyo imebeba samaki wengi zaidi. Dagaa mmoja mmoja hajaongezewa chochote. Linganisha kwa idadi uliyoweka kwenye sufuria.

Muda nao unafanya kazi. Kwa kuwa risasi-210 ndani ya samaki ni kidogo mno kuliko poloniamu, hakuna cha kuijaza tena inapooza. Baada ya miezi minne na nusu imebaki karibu nusu, baada ya tisa karibu robo. Ndiyo maana samaki wa kopo, ambaye amekaa ghalani na dukani, mara nyingi hupimwa chini ya mwenzake mbichi. Lakini tafadhali usiweke gunia la dagaa mwaka mzima kwa sababu hii. Mafuta yake yataharibika na ukungu utaingia, na ukungu wa chakula ni hatari ya karibu kuliko mionzi hii.

Kwa mwaka ni kiasi gani

Chukua mtu mzima anayekula kilo 25 za samaki kwa mwaka. Wote wakiwa wa kile kiwango cha bekereli 2 kwa kilo, atameza bekereli 50 za poloniamu, na dozi yake, yaani mionzi ambayo mwili umeipokea, ni milisiveti 0.06. Sasa mfanye awe mpenzi wa uono: katika hizo kilo 25, kilo 10 ziwe za uono wazima, na tukadirie kila kilo ina bekereli 30. Jumla inafika bekereli 330, sawa na milisiveti 0.4. Mtu wa kawaida duniani hupata milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye vyanzo vya asili, ikiwemo radoni anayoivuta ndani ya nyumba na mionzi inayotoka angani. CT scan moja ya tumbo hupita milisiveti kadhaa.

Kwa hiyo mlaji mkubwa wa uono anaongeza kitu kinachopimika, na hakuna daktari atakayemzuia kula kwa ajili hiyo. Ndivyo ninavyoishi mimi pia: uono kwangu hawakosekani, wakubwa wanachambuliwa, vibua wanapasuliwa, changu anakuja fedha ikiruhusu, nguru wa kipande kidogo siku za wageni, papa kwa nadra na kamwe si kwa mwenye mimba. Maini ya samaki wakubwa na mayai yao huliwa kwa hamu, mara chache, na watu wazima.

Jambo la mwisho ni la kuwalinda wanunuzi. Akija mtu sokoni na kifaa cha mkononi, akakipitisha juu ya samaki na kutangaza kwamba huyu ana mionzi na yule hana, usimwamini huyo wala usimkimbie muuzaji. Alfa ya poloniamu inazuiliwa na nyama na unyevu wa samaki mwenyewe kabla haijafika kwenye kifaa. Kipimo chake ni cha maabara: samaki hukaushwa, huyeyushwa kwa asidi, poloniamu ikaachwa ijishikize kwenye kisahani cha madini ya fedha, na kisahani hicho ndicho kinachohesabiwa, mara nyingi kwa saa nyingi. Kwa nchi yetu mwenye dhamana ya masuala ya mionzi kwenye vyakula ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye makao yake Arusha, na mfanyabiashara wa dagaa anayetaka kusafirisha shehena nje ya nchi ndiko anakopaswa kuulizia.